Pima kwanza, spea baadaye: mwongozo wa kutafuta ubovu wa gari ukiwa nyumbani

Betri niliinunua Jumanne. Alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, nikaibadilisha wiki iliyofuata, kwa ushauri wa fundi aliyeisikiliza injini dakika moja na kutikisa kichwa. Jumatatu asubuhi Toyota IST yangu ya mwaka 2004 ikagoma vilevile: tiki-tiki-tiki, kisha kimya. Kumbe ubovu ulikuwa kwenye boliti moja inayofunga waya nyeusi ya betri kwenye bodi. Ilikuwa imeliwa na kutu kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Nikaisugua kwa msasa, nikaikaza, gari likawaka. Alteneta ya zamani, iliyokuwa nzima kabisa, ilikwishauzwa chuma chakavu.

Tangu siku hiyo hainunuliwi spea kwangu mpaka kipimo kiseme. Ninayoandika hapa yanamhusu zaidi mwenye gari dogo la petroli la mtumba kutoka Japani. Namba za injini nitakazotaja ni za 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyojaa mitaani ndani ya IST na ndugu zake. Kama gari lako ni jingine, mantiki haibadiliki, ila namba zitafute kwenye kitabu chake.

Vifaa, na mambo yanayoua

Kifaa cha kwanza ni mita ya umeme, ile ndogo ya dijitali inayotumiwa na mafundi redio. Bei yake ukiilinganisha na betri ni kama nauli ya daladala. Ongeza spana na soketi za namba 10, 12 na 14, ambazo hufungua sehemu kubwa ya Toyota, soketi ya plagi ya namba 16, bisibisi, msasa laini, tochi na glavu.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika ya kuchungulia. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kushikilia. Betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, kwa hiyo weka mbali sigara na cheche. Vua pete na saa ya chuma, maana spana au pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja hugeuka nyekundu kidoleni mwako. Ukiwa na haibridi kama Prius au Aqua, usiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Betri kubwa ya Prius ina takriban volti 200, na hiyo si kazi ya uani.

Gari haliwaki

Kabla ya kufungua boneti, sikiliza. Geuza ufunguo mara moja tu ujiulize umesikia nini. Ikiwa ni kimya kabisa na taa za dashibodi haziwaki, umeme haufiki. Tiki-tiki-tiki ya haraka ni umeme uliopo lakini dhaifu. Mlio mmoja wa "tak" kisha kimya, huku taa zikibaki kali, unaelekeza kwenye stata, ile mota inayozungusha injini. Injini ikizunguka vizuri bila kushika, betri na stata ziache. Tatizo ni cheche, petroli au hewa.

Taa zikiwa kali na hakuna mlio wowote, jaribu kwanza kuhamisha gia kutoka P kwenda N, ukiwa umekanyaga breki, kisha washa. Gari la otomatiki haliruhusu stata izunguke mpaka swichi ya gia iamini kwamba uko P au N, na swichi hiyo huchakaa. Nimeshuhudia gari likivutwa kwa kamba hadi gereji kwa sababu hii.

Kwa milio mingine, pima hivi:

1. Gari likiwa limelala usiku kucha, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya na nyeusi kwenye hasi. 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 imeisha, ichaji kabla ya kuilaumu.

2. Mwambie mtu azungushe injini nawe ukitazama mita. Betri nzima haitashuka chini ya volti 9.6 hivi. Ikianza na 12.5 kisha ikaporomoka hadi 7, na uliichaji vizuri, betri imekufa.

3. Betri ikisimama imara na stata bado inazunguka kivivu, pima njia ya umeme. Ncha moja ya mita iweke kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha injini izungushwe. Usomaji mzuri hauzidi volti 0.5, na kadiri unavyokaribia sifuri ndivyo bora. Ya kwangu ilisoma 1.8. Volti hizo zilikuwa zinapotelea kwenye kutu badala ya kufika kwenye stata. Fanya hivyohivyo upande wa chanya: ncha moja kwenye nguzo, nyingine kwenye boliti nene ya stata.

4. Gari likiwaka, pima tena kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.4, alteneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, haichaji: angalia mkanda kwanza, kisha plagi ya nyuma ya alteneta, kisha fyuzi kubwa, na alteneta yenyewe mwisho. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi na itaikausha betri.

Hiki cha nne ndicho kinachofaa kuchukua nafasi ya ule mtindo wa mitaani wa kuchomoa tamino (kishikio cha waya) ya betri gari likiwa linawaka ili kuona kama litazima. Mtindo huo ulikuwa na maana enzi za magari yasiyo na kompyuta. Leo, betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa, volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya injini. Mtu akinyoosha mkono kwenye tamino yako injini ikiwaka, mzuie.

Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo za betri huondoka kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye; ukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Utaratibu huo una sababu: hasi ikiwa imefunguliwa, spana ikiteleza kutoka chanya na kugusa bodi hakuna kitakachotokea. Kausha, sugua chuma mpaka king'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo kwa juu.

Kubusti, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari jingine, kuna mpangilio wake pia. Waya nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho isiende kwenye betri iliyokufa bali kwenye chuma kitupu cha injini ya gari hilo, mbali na betri. Cheche hutokea kwenye muunganiko wa mwisho, na hutaki itokee juu ya gesi ya betri. Acha gari zima liwake dakika tano ndipo ujaribu lingine.

Kama betri mpya inaisha kila baada ya siku mbili za kuegesha, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Zima kila kitu, fungua waya ya hasi, weka mita kwenye ampea 10, ncha moja kwenye waya na nyingine kwenye nguzo, kisha subiri nusu saa gari lilale. Kawaida ni chini ya miliampea 50. Ikisoma 300, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ianguke. Fyuzi hiyo ndiyo njia ya mwizi. Usithubutu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Kwa magari yetu, mimi huanza na alamu na redio zilizofungwa baada ya gari kutoka bandarini, kwa nyaya zilizoungwa kwa selotepu.

Ukifika kununua betri, chukua namba ya ile ya zamani. Kwenye 46B24L, kwa mfano, 24 ni urefu wake kwa sentimita takriban, na L au R huonyesha nguzo zimekaa upande gani. Ukikosea herufi hiyo, waya hazitafika.

Inazunguka lakini haishiki

Angalia mafuta. Ndiyo, hata kama mshale unasema yapo, kwani mishale hudanganya. Kisha pampu: wengi huambiwa wafungue ufunguo bila kuwasha wasikilize mvumo kwenye tangi. Katika Toyota nyingi pampu husubiri injini izungushwe, kwa hiyo ukimya ufunguo ukiwa wazi si ushahidi wa chochote. Mtu azungushe injini, nawe tega sikio kwenye mdomo wa tangi. Pampu isiposikika, badilisha fyuzi yake, kisha badilishana relei yake (swichi ya umeme) na nyingine ya aina hiyohiyo kwenye kisanduku kilekile. Majaribio hayo hayakugharimu shilingi.

Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imelowa. Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapo, zungusha kwa sekunde kama tano. Kompyuta ya gari la EFI, yaani lisilo na kabureta, hukata petroli pedali ikiwa chini kabisa wakati wa kuzungusha, hewa ikapata nafasi ya kukausha plagi.

Gari linachemsha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuwa injini ya aluminiamu ikichemka kwa kilomita chache inaweza kupinda silinda hedi. Magari madogo kama Vitz hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa imepita kiasi. Nyekundu ikiwaka, usijipe kilomita mbili za kufika nyumbani.

Zima AC. Washa hita kwenye joto la mwisho na feni ya ndani kwa nguvu zote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo na inaondoa joto kwenye injini. Egesha, zima, fungua boneti. Kisha subiri angalau nusu saa, na hapa ndipo watu hushindwa. Kifuniko cha rejeta kina springi inayobana mfumo mzima. Chenye namba 0.9 huyafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 118. Ukikifungua kikiwa cha moto, presha inaondoka kwa mkupuo, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke usoni mwako. Hata bomba la juu la rejeta likiwa limepoa kwa kulishika, funika kifuniko kwa kitambaa na uzungushe taratibu. Usimwagie injini ya moto maji baridi.

Injini ikishapoa, jiulize lilichemka wapi. Swali hili lina thamani kuliko mashine nyingi.

Likichemka kwenye foleni, tuseme Ubungo saa moja jioni, lakini likatulia ukishika barabara wazi, mtuhumiwa ni feni. Ukiwa kwenye mwendo upepo hufanya kazi yake. Ukisimama, feni ndiyo peke yake. Washa injini na AC: kwa magari mengi feni inapaswa kuanza mara moja. Isipozunguka, angalia fyuzi na relei, kisha chomoa soketi ya feni uipe umeme wa betri moja kwa moja kwa waya mbili. Ikizunguka, mota ni nzima na umeme ndio haufiki. Isipozunguka, mota imeungua. Mikono na shati viwe mbali, maana feni ya umeme huanza bila taarifa.

Likitulia mjini lakini likachemka kwenye mlima mrefu, kama ule wa Kitonga ukielekea Iringa, au kwenye mwendo mkali, feni iache. Maji ni pungufu, au rejeta imeziba, au pampu ya maji imechoka. Tazama matone chini ya pampu na madoa ya rangi ya kulanti (maji ya dawa ya rejeta) yaliyokauka kwenye maungio ya hozi. Mulika rejeta kutoka upande wa injini: wadudu na vumbi la barabara hujaa kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, mahali usipopaona kwa mbele. Yasafishe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu nyingi, kutoka ndani kwenda nje.

Kifuniko chenyewe usikisahau. Mpira wake ukipasuka, presha haikai, na maji yanachemka mapema. Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo gari lenye kifuniko kibovu linaloishi Dar kwa amani linaweza kuanza kuleta visa huko juu.

Sasa themostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba hapa kwetu ni joto, haihitajiki. Sikubaliani nao hata kidogo. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ya 1NZ huanza kufunguka karibu nyuzi 82. Bila hiyo, injini hukaa baridi ukiwa barabarani, kompyuta huendelea kuongeza petroli, taa ya bluu hugoma kuzima, na wewe unalalamika kwamba IST inakunywa mafuta kama lori. Kuipima ni kazi ya jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya zamani yenye maji, pasha moto, tazama. Ifunguke wazi kabla maji hayajatokota na ijifunge ikipoa. Ikishindwa, nunua nyingine pamoja na mpira wake.

Maji ya bomba peke yake ni ya dharura tu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na kutu ndiyo inayoziba rejeta. Lakini ni sumu, na ina utamu unaowavutia watoto na wanyama, kwa hiyo usiimwage uani. Unapojaza upya, acha kifuniko wazi, hita iwe kwenye moto, washa injini ikiwa baridi, bonyeza-bonyeza hozi ya juu na uongeze kadiri mapovu yanavyotoka, mpaka hozi ya chini nayo ipate joto. Hewa ikibaki ndani, gari litachemka tena kesho na utaishuku spea isiyo na kosa.

Ikiwa mapovu hayaishi, hozi inakuwa ngumu dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, moshi mweupe unatoka bila kukoma, au oili kwenye kijiti imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Hapo funga boneti na uite fundi mwenye mashine.

Gari linamisi

Injini inatetemeka kwenye taa, inakosa nguvu, taa ya injini inawaka. Taa hiyo ikiwa inapepesa, punguza mwendo mara moja, kwa sababu petroli isiyoungua inaunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba la egzosi. Mashine ndogo ya kusomea kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi) huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi. Kodi P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenye tatizo, 1 ikiwa upande wa mikanda. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa mashine za bei rahisi, hilo lisikukwamishe.

Kwenye 1NZ kila plagi ina koili yake juu. Zima injini, chomoa soketi ya koili moja, washa kwa sekunde chache, sikiliza. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, umeipata. Sasa hamisha koili yake kwenda silinda nyingine. Ubovu ukihama nayo, ni koili. Ukibaki palepale, hamisha plagi. Ukiendelea kubaki palepale, ni nozeli ya petroli au mgandamizo wa silinda, na kazi imekuzidi. Kwa njia hii utanunua koili moja, si nne kama utakavyoshauriwa.

Plagi zitolewe injini ikiwa baridi. Mwanya wa ncha zake ni milimita 1.1. Zirudishe kwa vidole mpaka zikae, ndipo utumie spana, na usizikaze kwa hasira: takriban nyutoni-mita 18 zinatosha, na nyuzi za skrubu kwenye shimo la aluminiamu zikifa zimekufa. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, mpira wa kifuniko cha juu cha injini umechoka.

Breki

Hapa nitakuwa mfupi kwa makusudi. Kutazama unaweza: pedi ikibaki chini ya milimita 3, badilisha. Mlio mkali wa kukwaruza unaokuja kwa mpangilio wa gurudumu mara nyingi ni kile kichuma cha pedi kinachokuonya. Oili ya breki hunyonya unyevu hewani: ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, iliyonyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140, na ikichemka pedali inazama. Ibadilishe kila miaka miwili. Lakini pedali ikiwa laini au ikishuka taratibu ukiikanyaga, gari halitoki getini.

Ukienda dukani

Kama ni Gerezani ya Dar, Kirinyaga Road ya Nairobi au duka la pembeni ya mtaa wako, nenda na spea ya zamani mkononi pamoja na picha ya kibati chenye namba ya chesisi na aina ya injini. Mwenye duka akisema "hii inaingia", omba ziwekwe sambamba juu ya kaunta uhesabu pini, matundu ya boliti na urefu. Kwa vitu vya umeme vilivyotumika, toa mita yako palepale. Muuzaji akikataa usipime, bahati nzuri duka linalofuata liko hatua kumi.